X Yuko Wapi

Ukuta wa jiko nilikuwa nimeusiriba mwenyewe, kwa udongo mweupe ambao mama aliutuma kutoka Sitalike kwenye kiroba, na pale chini karibu na mafiga ulikuwa haujakauka bado. Nilirudi kutoka bombani na ndoo kichwani nikamkuta shemeji Hezron amesimama mbele yake na kipande cha mkaa mkononi. Kuanzia mlangoni mpaka kwenye kichanja cha vyombo, ukuta wote ulikuwa umejaa alama ndefu zilizopinda juu na chini, kama kulabu za kutundikia nyama buchani.

"Shem, usiguse," akasema bila kugeuka. "Hapo nimefika pazuri."

Nilitua ndoo. Nilitaka kusema maneno mengi, ila mimi maneno hunijia watu wakishaondoka. Nikasema tu, "Shemeji, daftari limeisha?"

"Lipo. Ila dogo. Hii kitu inataka uwanja."

Hii kitu ilikuwa integresheni. Hezron ni mdogo wake Thadei, mume wa dada yangu Tereza. Anasoma fizikia, kemia na hesabu kidato cha sita, na mchana anarudi kula nyumbani kwa sababu shule haiko mbali na hapa kwetu Shanwe. Mwalimu wao wa hesabu, Maximilian, aliwaambia kwamba mtu akitaka kujua kama somo limemwingia kweli, amweleze mtu ambaye halijui kabisa. Hezron akaitazama nyumba nzima, akaniona mimi.

"Mimi darasa la tano sikumaliza," nilimwambia.

"Ndiyo maana. Wewe unafaa kabisa."

Ningeweza kubeba sufuria zangu nikapikie nje, nikamwacha na ukuta wake. Sikufanya hivyo kwa sababu ile integresheni ilikuwa inanihusu kuliko yeye. Shuleni kwao walikuwa wanafungua kambi ya kusomea kwa ajili ya mtihani wa taifa. Wanaolala kambini wanakula kambini. Nafasi zilikuwa chache, na wa hesabu wangeingia wale tu watakaofaulu jaribio la integresheni Jumatano. Na dada alikuwa amesema, mbele ya mume wake na mbele yangu, kwamba Hezron akiingia kambini, mimi nitaenda kwenye darasa la ushonaji la masista pale parokiani. Sista Lucia alikuwa ameniwekea nafasi. Darasa lilikuwa linaanza Jumatatu inayofuata.

"Na asipoingia?" nilimuuliza dada siku ile.

"Asipoingia mtoto wa watu atakula wapi mchana? Tutaangalia."

Hiyo tutaangalia ya dada ninaijua. Ukiisikia, ujue jambo limeshapigwa kufuli.

Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda, nikachambua maharage, nikasikiliza kulabu za buchani.

"Hapa kuna x, unamwona?" Hezron alianza.

"Namwona."

"Huyu x amekaa vibaya. Yuko nje ya mabano, yuko ndani ya mabano, halafu mabano yenyewe yana kipeo cha tano. Huwezi kumshika. Ukimvuta huku anakimbilia kule. Sasa tunafanyaje? Tunamtoa. Tunaweka mwingine mahali pake, anaitwa yu."

"Yu ndiyo nini?"

Akachora ukutani.

"Hiyo ni u," nikasema.

"Ni yu."

"Darasa la kwanza iliitwa u. U ya ua."

"Shem, ni huyo huyo wa ua. Ila huku juu anaitwa yu. Amekua."

Recho, mtoto wa dada, alikuwa amekaa mlangoni na sare yake ya shule, anakula kiporo. Alicheka mpaka wali ukamtoka puani.

"Sasa sikiliza hapa, ndipo penyewe," Hezron akaendelea. "Yu anakaa mahali pa x kwa muda. Kwa muda tu! Anazifanya zile kazi zote nzito, kipeo kinapanda, namba zinagawanywa. Kazi ikiisha, yu anaondoka, x anarudi mahali pake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilielewa kweli, na ndiyo sababu nilizidisha nguvu kwenye ungo mpaka maharage mengine yakaruka. Dada alipojifungua Recho, mama aliniita kutoka shambani akaniambia, nenda Mpanda ukamsaidie dada yako kwa muda, mpaka mtoto atembee. Nilifunga madaftari yangu kwenye kanga, maana nilijua nitarudi kuyaendeleza. Recho akatembea. Akakimbia. Akaota meno, yakang'oka, yakaota mengine. Sasa yuko darasa la tatu, na nikisoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga ananisahihisha.

Hezron alikuwa ameshafika mwisho. "Yu kipeo cha sita, gawanya kwa sita, jumlisha C!"

"Amina!" akasema Recho.

Hiyo C ni kitu ambacho hakuna anayejua thamani yake, lakini ukiiacha unakatwa. Hezron alikuwa haisahau hata siku moja. Aliitamka kwa sauti ya kupanda kama padri anayefunga sala, na Recho alikuwa amejifunza kuitikia.

Hezron alirudi nyuma, mikono kiunoni, akiutazama ukuta wangu kama mtu anayetazama ng'ombe wake. Halafu akajipiga paji la uso.

"Lo! X sijamrudisha."

Akamfuta yu kwa kiganja, akabaki na doa jeusi kama kikaango, akaandika x skwea jumlisha moja ndani ya mabano, sita juu.

"Kumbe anarudi akiwa hivyo?" nikauliza. "Yote hayo amebeba?"

"Si alikuwa mbali, shem. Mtu akirudi anarudi na vitu vyake."

Alifanya swali la pili. Amina. X hajarudi. Akafanya la tatu, likawa hivyo hivyo. Lile la nne nilisonga ugali nikiwa nimempa mgongo, na niliposikia Amina nikasema bila kugeuka, "X, shemeji."

"Hilo dogo, shem. Hilo la kumalizia tu. Wewe uwe unanikumbusha."

Basi nikapata kazi nyingine. Kufua, kupika, kumpokea Recho, kuchota maji, na kumkumbusha mwanafunzi wa kidato cha sita kwamba kitu alichokitoa anatakiwa kukirudisha. Siku zile nilikuwa nasema "X, shemeji" kama watu wanavyosema "funga mlango, mbu wanaingia".

Tulidhani hiyo ndiyo integresheni yote. Siku iliyofuata akaja na nyingine, ya vipande. Huko kuna vitu viwili vimezidishwa na havikubali kutenganishwa, kwa hiyo mmoja unamwita yu na mwingine unamwita divii, halafu unaimba. Aliimba kweli. Aliimba akinawa, aliimba akila, mdomo umejaa matembele: "Yu-vii toa integro vii di-yu. Yu-vii toa integro vii di-yu." Recho akaushika wimbo akaurukia kamba na wenzake barabarani, mpaka jirani akaja kuuliza ni kwaya gani.

Ubaya ni kwamba kwa mwandiko wa Hezron, yu na vii ni mapacha. Yule wa mviringo na yule wa ncha wote walitoka kama kikombe kilichokanyagwa. Akifika katikati anasimama, anasogeza pua ukutani, anauliza, "Shem, huyu nilimwita nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Wewe si ulikuwepo?"

Jumatatu nilibandika maharage mapema nje uani nikijua nitaenda kwa Sista Lucia kumwambia aendelee kunishikia nafasi. Hezron aliingia mbio na swali ambalo Mwalimu Maximilian aliwaapia kwamba litakuja. Akaliandika juu kabisa, karibu na bati, akisimama kwenye kigoda changu. E kipeo x, mara saini x.

"Saini?" nikauliza. "Ya kwenye fomu?"

"Siyo saini ya mkono. Sain. Na mwenzake anaitwa kosain."

"Kosa saini," akasema Recho.

"Recho, nyamaza. Shem, wewe kaa, usitoke, usinikate. Nikikatwa katikati napotea."

"Nina maharage nje."

"Dakika moja tu."

Nilikaa juu ya ndoo niliyoigeuza. Akaimba wimbo wake, akashuka mstari wa kwanza. Saini ikageuka kosa saini. Akaimba tena, akashuka mstari wa pili, na kosa saini ikageuka saini, na pale chini, mwisho wa kazi yote ile, likatokea swali lile lile aliloanza nalo. Lilikuwa limerudi kama mgeni uliyemsindikiza mpaka njia panda akarudi kuchukua kofia.

"Limerudi," nikasema.

"Naliona."

Akafuta, akaanza upya. Udongo wangu mweupe ulikuwa unadondoka kwa vipande. Akashuka, akaimba, saini, kosa saini, likarudi. Akafuta. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masikio. Nilianza kusikia harufu kutoka nje, nikanyanyuka, akanionyesha kiganja cheusi. "Shem, nakuomba. Niko mlangoni kabisa." Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikaa. Labda kwa sababu alikuwa anaitafuta cherehani yangu humo ndani.

Ghafla akaruka chini kutoka kwenye kigoda. "Nimepata!"

"Umepata nini?"

"Njoo uone. Hii ya juu ni sawa na hii ya chini."

Nikasogea. Nilitazama juu, nikatazama chini. "Mbona ndiyo ile ile?"

"Ndiyo."

"Yaani umepata kwamba hiyo kitu ni sawa na hiyo kitu."

"Eeh." Sauti yake ikaanza kushuka.

"Si ulikuwa nayo tangu umeingia?"

Hezron aligusa mstari wa juu, akagusa wa chini. Kisha akakaa sakafuni juu ya maganda ya viazi, mkaa bado mkononi. Mimi nilitoka nje. Maharage yalikuwa yameshikana na sufuria yakawa kitu kimoja, hata kwa kisu yasingetenganishwa, hata kwa wimbo.

Jioni dada aliporudi kutoka kuuza mchele sokoni, aliuona ukuta, akaiona sufuria, akanitazama mimi.

"Frazia, hivi siku nzima unafanya nini humu ndani?"

Niliinamisha kichwa. Hezron alikuwa amejifungia chumbani na dagaa niliomkaangia badala ya maharage. Thadei aliingia nyuma ya dada, bado ana grisi ya pikipiki mikononi, akausoma ukuta kutoka juu mpaka chini.

"Nyie, hii ni nyumba au gazeti?" akauliza. Kisha akaenda kunawa.

Kwa Sista Lucia sikufika siku ile.

Jumanne mchana Hezron alirudi anatabasamu. Alikuwa amemfuata Mwalimu Maximilian ofisini. "Kosa langu nimelijua, shem. Mara ya kwanza nilimfanya saini kuwa yu. Mara ya pili nikageuza, nikamfanya e kuwa yu. Sasa unaona? Nilichofunga kwa mkono huu nilikifungua kwa mkono huu. Ukimchagua mmoja, nenda naye mpaka mwisho."

"Na lile swali likirudi?"

"Likirudi huliogopi. Linarudi na alama ya kutoa. Unalihamishia upande wa pili, linakaa na mwenzake, wanakuwa wawili, unagawanya kwa mbili. Umemaliza!"

Alilifanya hapo hapo, kwenye sehemu ya ukuta iliyobaki safi nyuma ya mlango, na safari hii halikuzunguka. Lilishuka likakaa. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi na upawa mkononi. Mambo ya saini na kosa saini sikuyaelewa na sitadanganya kwamba niliyaelewa. Nilielewa tu kwamba mtu aliyekuwa akizunguka amefika.

"Jumlisha C!"

"Amina!"

Jumatano asubuhi nilimpa uji wa karanga, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Aibu yangu yote niliimeza.

"X, shemeji," nikamwambia.

"Ah, shem! Hilo dogo."

Ijumaa mchana sikumwona. Alikuja jua linazama, shati nje ya suruali, akapita jikoni bila kusema habari za kazi. Nilijua. Hata kuku walijua. Tulipokaa mkekani kula, Thadei ndiye aliyemuuliza.

"Kambi?"

"Bado kidogo, kaka. Nimekosa kidogo tu."

"Lile la mzunguko lilikushinda?"

"Lile nimepata lote! Darasa zima tumelipata watatu." Akakunja tonge, akalikunjua. "Yale mepesi. Yale ya kubadilisha. Nimefanya yote vizuri, nimeacha yu mwishoni. Swali la kwanza yu, la pili yu, la tatu yu. Mwalimu kanisimamisha mbele. Akaniambia, Hezron, x yuko wapi? Darasa lote likacheka. Akaniambia niende kwenye dawati, niangalie chini ya kiti kama yupo."

Recho alicheka, dada akamfinya.

Mimi nilikuwa napakua maharage. Niliona cherehani ya masista inaondoka, na pedali yake, na kitambaa cha kujifunzia ambacho nilikuwa nimeshakinunua na kukificha chini ya godoro. Sikulia. Nilichosikia ni kuchoka, kuchoka kwa mtu aliyekumbusha na kukumbusha na kukumbusha.

"Basi haina shida," akasema Thadei. "Kambi nyingine si wanafungua mwezi wa nne? Frazia atavumilia kwa muda."

"Ndiyo," akasema dada. "Hilo dogo. Sista hata mwakani anapokea. Ongeza mchuzi hapa."

Upawa ulikuwa mkononi mwangu, umejaa. Sikumwongezea.

"X yuko wapi?" nikasema.

Wote waliacha kutafuna. Katika nyumba ile mimi nikisema kitu wakati wa kula, huwa ni kwamba chumvi iko pale.

"Shem, hata wewe?" akasema Hezron kwa uchungu.

"Sikuulizi wewe. Namuuliza dada."

"X gani?" dada akasema. "Mimi nauza mchele, hayo ya ukutani mnanihusisha vipi?"

"Shemeji, mweleze," nikamwambia Hezron. Mchuzi ulikuwa unadondokea mkekani, lakini maneno yalikuwa yameshatoka nje, sikuona mlango wa kuyarudisha ndani. "Mweleze kama ulivyonieleza mimi."

Hezron alimtazama kaka yake. Halafu, kwa kuwa yule ukimgusa kwenye integresheni hawezi kunyamaza, akachukua kijiko akaanza kuchora hewani. "Ni hivi, shemeji. Kuna x. Amekaa mahali, kazi haziendi. Kwa hiyo unamtoa, unaleta mtu mwingine akae mahali pake. Anaitwa yu. Lakini yu ni wa muda tu. Anafanya zile kazi nzito zote. Sasa kazi ikiisha..."

Kijiko kikasimama hewani.

"Kazi ikiisha?" akauliza Thadei.

"Kazi ikiisha, yu anaondoka." Hezron alikuwa ananitazama mimi sasa, si kijiko. Nilimwona anaelewa. Wiki nzima alikuwa ameliimba, amelichora, amekatwa alama kwa ajili yake, na ndiyo kwanza linamwingia. "Anaondoka, na mambo yanarudi kama yalivyotakiwa yawe. Usipofanya hivyo, umekosa. Hata kama mengine yote umepata."

Dada akaweka sahani chini. "Unanifananisha na hesabu, Frazia? Mimi niliyekulea humu? Mama mwenyewe ndiye aliyekuleta."

"Alinileta kwa muda," nikasema. "Mpaka Recho atembee."

"Mimi natembea," akasema Recho.

Akanyanyuka kutoka mkekani, mikono bado ina mchuzi, akatembea mpaka mlangoni. Akageuka, akatembea mpaka tulipokaa. Alitembea polepole akinyanyua magoti juu kama mtu anayekaguliwa, ili tuone vizuri. Kisha akakaa akaendelea kula.

Thadei alikohoa, na mimi bado sijui kama kilikuwa kikohozi au kicheko.

Dada aliivuta sahani yake karibu. Aliposema, alisema jambo la dada. "Na mchana apike nani? Niacheni nicheke. Nitoke sokoni nije nibandike sufuria?"

"Nitapika mimi," akasema Hezron.

"Wewe una kusoma," akasema Thadei.

"Kaka, nimesoma na nimefeli. Maharage nitayabandika asubuhi, mchana nikirudi namalizia, nakula na Recho. Ni kipande cha huku na kipande cha huku."

"Utayaunguza."

"Yameshaungua mara moja kwa ajili yangu. Nayajua yakiungua yanavyonuka."

Dada alinitazama. Sikuinamisha kichwa. Nilitaka sana kukiinamisha, shingo yote ilikuwa inavuta chini, lakini nilikizuia, na nilipoona kinanishinda nikamwongezea ule mchuzi ili nipate pa kutazama.

"Haya, Jumatatu nenda," akasema. Akachota ugali. "Ila kwa muda, kwanza tuone."

Nilishika upawa kwa nguvu nisije nikautupa.

Jumatatu niliamka nikaoga, nikavaa gauni langu la kanisani, nikatoa kitambaa chini ya godoro. Jikoni moshi ulikuwa umejaa kama wanachoma tofali. Hezron alikuwa amechuchumaa na sare yake ya shule, anapuliza mafiga, machozi yanamtoka. Kwenye ukuta alikuwa ameshaandika kwa mkaa, kwa mwandiko mkubwa, "yu ni Hezron", na chini yake amechora sufuria.

Nilikuwa nimepanga kuusiriba upya ukuta ule Jumamosi itakayofuata. Nilipouona, nikaamua yeye ndiye atakayeusiriba.

"Shem, maji kiasi gani?"

"Yafunike maharage, yazidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidole."

"Cha kulala au cha kusimama?"

"Shemeji, mimi nachelewa."

"Na chumvi? Naweka sasa au mwishoni?"

"Mwishoni."

"Kiasi gani?"

"Onja."

"Nikionja nitajuaje?"

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa ameweza kuhamisha saini kutoka upande mmoja wa ukuta mpaka mwingine na kuigawanya kwa mbili. Nikafungua mdomo nimweleze, nikaona nikianza kueleza nitakuwa nimekaa tena kwenye kigoda mpaka saa sita. Nikafunga mdomo, nikafunga na mlango.

Nilikuwa nimefika barabarani, usawa wa gereji ya pikipiki ya Thadei, niliposikia anapiga kelele kutoka jikoni, na Recho naye anapiga kelele nyuma yake, wanauliza mawe ya kwenye maharage yanatolewa kabla au baada.

Sikugeuka.